Natengeneza makabati Mbagala, Instagram inaniletea "bei gani" tu na haileti wateja. Nianzie wapi?

Fundi_RangiTatu

Wakuu, habari za humu. Natengeneza makabati ya jiko na ya nguo, karakana iko Mbagala Rangi Tatu. Kazi karibu zote zinakuja kwa kuelekezana. Peji ya Instagram ina wafuasi 1,900 na posti 340. WhatsApp natumia hii ya kawaida. Kwa wiki naulizwa "bei gani" mara 15 mpaka 20, nikijibu wengi wananyamaza. Wanaofika hatua ya kupimiwa jiko ni mmoja kwa wiki, wiki nyingine hakuna.

Bio inasomeka hivi: "Mungu kwanza. Mkurugenzi. Ubora ndio sera yetu. Bei inboksi." Picha napiga kwa simu, nyingine nimezitoa mtandaoni kuonyesha mitindo.

Nina nusu saa kwa siku na laki moja kwa mwezi. Nirekebishe nini kwanza? Bei niiweke wazi au niache? Nilipie tangazo? Na TikTok ina faida kwa kazi kama hii?

---

BiMauzo

Pole na kazi, fundi. Maulizo 15 mpaka 20 kwa wiki si machache hata kidogo. Tatizo lako halipo kwenye wafuasi, lipo baada ya "bei gani". Ukiongeza wafuasi leo unateka maji kwa pakacha.

Tazama mazungumzo yanavyokufa. Mteja anauliza bei, wewe unajibu "inategemea na vipimo", au unataja laki tisa. Yote mawili yanamfukuza. "Inategemea" haimwambii afanye nini sasa. Namba tupu ataipeleka kwa fundi mwingine ailinganishe na namba tupu ya huko, na siku zote atapatikana wa chini yako, kwa sababu yule kahesabu ubao wa mm 15 bila mgongo (ubao wa nyuma ya kabati) na wewe umehesabu mm 18 wenye mgongo. Mteja haoni tofauti hiyo maana hakuna aliyemwonyesha.

Jibu la kwanza liwe na sehemu mbili: bei ya kuanzia kwa kipimo anachokielewa, na jambo dogo la kufanya. Mfano (MDF ni ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa):

"Karibu sana. Makabati ya chini kwa MDF ya mm 18 yanaanzia 380,000 kwa mita moja ya ukuta, ya juu yanaanzia 260,000. Graniti na sinki viko nje ya bei hiyo. Nikupe makadirio leo leo, naomba vitu vitatu: picha ya jiko ukiwa umesimama mlangoni, urefu wa kila ukuta utakaokaa kabati hata kwa kukisia, na eneo nyumba ilipo."

Bei hizo ni za mfano tu, weka zako. Faida yake ni kwamba jibu lenyewe linachuja. Aliyetuma picha na vipimo anajenga kweli. Asiyetuma alikuwa anapita, na hujampotezea muda wala yeye hajakupotezea.

Akituma, usimpe namba moja, mpe nafasi. Ukuta wa mita 3 chini ni 1,140,000, mita 2 juu ni 520,000, jumla 1,660,000. Mwambie "kati ya 1,600,000 na 1,850,000", halafu mtajie kinachopandisha: droo badala ya milango, bawaba zinazojifunga taratibu, milango ya glosi. Hapo ndipo unaomba siku ya kwenda kupima. Mpe siku mbili achague, usimuulize "utakuwa na nafasi lini", atakujibu "nitakwambia" na ndiyo imeisha hiyo.

Akinyamaza baada ya makadirio, mkumbushe baada ya siku 2, tena baada ya siku 7, kisha mwache. Ujumbe wa siku ya 7 usiwe "vipi bosi umefikia wapi". Mtumie picha ya jiko linalofanana na lake kwa umbo na umtajie lilivyotoka.

Hamia WhatsApp ya biashara, ni bure. Chukua nakala ya mazungumzo kwanza, maana namba moja haikai kwenye programu zote mbili. Ukishaingia:

Majibu ya haraka unaweza kuweka mpaka 50, wewe yanakutosha manne. Lile la juu lipe njia ya mkato "/bei", liwe linatoka kwa kugusa mara mbili. Mengine: ramani ya karakana, masharti ya malipo, muda wa kazi.

Ujumbe wa salamu unajituma kwa mtu mpya au kwa aliyekaa kimya siku 14. Watu wanakosea hapa, wanajaza orodha nzima ya bei humo. Weka mistari miwili tu, ukiwaambia unajibu saa ngapi hadi saa ngapi. Anayetumiwa orodha na mashine huwa hajibu mashine.

Katalogi inabeba mpaka bidhaa 500, ila weka 8 au 10. Jiko la ukuta mmoja, la L, la U, kabati la nguo la milango 3 na la kuteleza. Kila moja na bei ya kuanzia na vipimo.

Lebo ndiyo daftari lako: Anauliza, Katuma vipimo, Kupima, Kianzio (malipo ya awali) kimelipwa, Imefungwa. Jioni unafungua "Katuma vipimo" na kuona nani unamdai jibu.

Kitu cha mwisho ambacho mafundi wengi hawakijui: ujumbe wa brodikasti unakwenda kwa watu 256 kwa orodha, lakini unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Stetasi nayo vilevile. Kwa hiyo siku ya kwenda kupima, kabla hujafungua futi ya kupimia, mwambie "nihifadhi kabisa, fundi makabati". Asipokuhifadhi, hata ukiweka stetasi 20 kwa siku haoni hata moja.

---

MbishiKkoo

Bi Mauzo hapo kwenye kuweka bei nakupinga. Ukianika bei washindani wote wa Keko wanakuona na wanashusha kwa elfu hamsini.

---

BiMauzo

Mkuu, wa Keko bei yako wanaijua tayari, wakitaka wanampigisha simu shemeji yao. Asiyeijua ni mteja. Na aliyeandikiwa "bei inboksi" huwa anafikiri moja kati ya mawili: ni ghali, au bei inategemea sura yake. Weka ya kuanzia, siyo ya mwisho. Bei ya mwisho inatoka baada ya kupima, na inakwenda kwa maandishi.

---

LenziSinza

Fundi, picha za mtandaoni zifute leo. Mteja wa siku hizi anabonyeza picha kwenye Google Lens na kuona hilo jiko liko Uturuki. Akishajua moja si yako, hata zile 200 ulizofanya kwa mikono yako haziamini tena. Na asipogundua, atakuagiza utengeneze hiyo hiyo, yenye rangi ya ubao usiopatikana hapa. Ukitaka kuonyesha mtindo, andika juu ya picha yenyewe "mfano wa mtindo, siyo kazi yetu".

Kupiga jiko kwa simu kuna makosa manne yanayojirudia.

La kwanza ni lenzi pana, ile ya 0.5. Inaingiza jiko zima, lakini inapinda milango ya pembeni, na mlango uliopinda kwenye picha mteja anausoma kuwa fundi hajui kunyoosha. Tumia 1x. Kama nafasi ni ndogo, simama kwenye kona ya mbali au nje ya mlango. Lisipoingia lote, piga vipande viwili.

La pili ni kimo. Ukishika simu usawa wa macho unapiga sana juu ya meza na mistari ya wima inaanza kuelekeana. Shusha simu kifuani, kama sm 110 mpaka 120 kutoka sakafuni, ishike wima bila kuiinamisha. Washa gridi ya kamera, mstari mmoja ukae sawasawa na ukingo wa kabati refu.

La tatu ni mwanga. Zima flashi, melamini (gamba gumu juu ya ubao) ya glosi inarudisha duara jeupe katikati ya mlango. Zima pia taa ya chumba kama kuna dirisha, maana taa ya njano na mwanga wa jua vikichanganyika, kabati jeupe linatoka na madoa ya manjano na buluu. Saa 3 hadi saa 5 asubuhi, dirisha likiwa nyuma yako au ubavuni. Ukijiona kwenye mlango wa glosi, sogea hatua moja pembeni, usipige ukiutazama uso kwa uso. Na futa lenzi kwa fulana safi; vumbi la MDF likikaa juu yake, picha nzima inakuwa na ukungu, watu wanadhani ni simu mbovu.

La nne ni kupiga picha moja ya jumla na kuondoka. Kwa kila kazi chukua hizi: jiko kabla, mifupa ya kabati ikiwa haijawekwa milango, jiko zima, mlango mmoja uko wazi bawaba zikionekana, droo imevutwa mpaka mwisho, kona ya ukingo kwa karibu kiasi cha kuona ejingi (ukanda wa kufunika ukingo wa ubao) imeshika, na miguu chini kabla hujaifunika. Hizo 7 ni posti moja ya kutelezesha. Instagram inaruhusu mpaka picha 20 kwa posti, ila mtu hafiki huko.

Piga wima. Posti ya 1080 kwa 1350 inakaa vizuri, lakini gridi ya peji sasa inaonyesha vijipicha vya 3:4, kwa hiyo pembeni inakatwa kidogo. Usiweke maandishi wala namba ya simu ikigusa kingo.

---

Fundi_RangiTatu

Nashukuru sana wakuu. Picha za mtandaoni ni kama 60, naanza kuzifuta usiku huu. Sasa maelezo chini ya picha niandike nini? Nilikuwa naandika "kazi safi kabisa" na alama za reli (#) kama 25. Na je, niposti kila siku?

---

LenziSinza

Alama za reli tano zinatosha, zenye mji na kazi ndani yake. Hizo nyingine za "mapenzi" na "bongo" zinakuletea watu wasiojenga.

Maelezo andika kama unamwandikia mtu aliyesimama karakana:

"Jiko la L, Kigamboni. Chini mita 3.2, kina sm 60. Juu mita 2, kina sm 35. Ubao MDF ya melamini mm 18. Miguu ya plastiki sm 10 ili maji ya kudeki yasiguse ubao. Bawaba 22 za kujifunga taratibu. Karakana siku 9, kufunga siku 2. Bei ya kazi kama hii bila graniti na sinki inaanzia..." na unamalizia kwa namba.

Hayo hayaandikiki na mtu asiyefanya kazi hiyo, na ndiyo maana yanauza.

Kuposti kila siku achana nako. Kazi mbili kwa wiki na rili (video fupi) moja, hiyo unaiweza kwa nusu saa yako. Stori ndizo za kila siku: ubao unakatwa, gari linapakia. Hazihitaji urembo.

Rili yenyewe sekunde 20 mpaka 30, na sekunde 3 za mwanzo zisiwe nembo inayozunguka. Anza na tatizo: ubao wa chini ya sinki uliovimba kama mkate uliolowana chai. Kisha onyesha kwa nini: ukingo wa nyuma haukuzibwa, tundu la bomba limekatwa likaachwa wazi, maji yanapanda ndani ya ubao. Kisha onyesha mkono ukipaka silikoni kwenye tundu na ejingi ikibandikwa pande zote nne, pamoja na ule upande usioonekana. Mtu anayejenga atamtumia mkewe hiyo, na video ikitumwa kwa watu namna hiyo ndiyo inasogea mbali.

Mada nyingine za aina hiyo: mbao ya mninga isiyokauka inavyokunja mlango, tofauti ya mm 15 na mm 18 rafu ikibeba sufuria, kwa nini kabati la juu halifungwi kwa misumari ya zege. Mteja wa makabati ananunua mara moja kwa miaka mingi, hakufuati kwa burudani. Anaogopa mambo matatu: fundi kutoroka na kianzio, kucheleweshwa, na ubao kuvimba. Kila posti ijibu mojawapo.

TikTok: pandisha rili ile ile, lakini faili safi kutoka kwenye simu, siyo iliyopakuliwa ikiwa na nembo ya programu nyingine. Huko video inaweza kuonwa sana na watu wa Mwanza na Mbeya ambao hutawafikia, kwa hiyo taja "Dar es Salaam" kwa mdomo na kwa maandishi. Akaunti za biashara kote Instagram na TikTok zina muziki mchache wa kuchagua kwa sababu ya hakimiliki. Usihangaike, sauti ya msumeno na maelezo yako inatosha.

---

KisauniPwani

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zangu mmesahau Google. Mtu akitaka burudani aenda Instagram, lakini akitaka fundi wa kabati leo aandika "fundi wa makabati karibu nami". Huyo pesa iko mfukoni tayari.

Fungua Wasifu wa Biashara wa Google, haulipiwi. Aina kuu ya biashara chagua mtengeneza makabati, usichague duka la samani kama huna duka. Kama wateja hawaji karakanani, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia. Wakija, acha ramani iwe wazi na utembee mwenyewe uhakikishe pini iko mlangoni, si barabara ya nyuma.

Mara nyingi uthibitisho wao ni wa video: kipande kimoja kisichokatwa, kisichopungua sekunde 30. Anza nje barabarani paonekane mtaa, pita kwenye kibao cha jina, fungua kufuli kwa ufunguo wako, onyesha msumeno na kazi iliyo mezani. Wengi wakataliwa kwa kuwa walianza video ndani, au kibao chasema jina tofauti na lililoandikwa.

Na hapa pana tofauti ya kuchunga. Kwenye Instagram, lile jina lililokolezwa juu ya bio hutafutika, hivyo andika "Makabati Dar" baada ya jina lako. Ila ubadilishe kwa uangalifu, waruhusu mara 2 tu ndani ya siku 14. Kwenye Google usifanye hivyo. Jina liwe lile lile la kwenye kibao, ukirundika maneno ya kutafutwa waweza kusimamishwa.

Maoni ya wateja: Google watoa kiungo kifupi cha kumtumia mteja. Mtumie siku ile ile ya kukabidhi, akiwa bado afungua na kufunga droo kwa furaha. Mwombe ataje kazi na eneo kwa maneno yake. Usimpe zawadi wala punguzo kwa ajili hiyo, wakataza. Likija baya, jibu kwa ufupi ukitaja ulichorekebisha na tarehe. Wasomao baadaye wakusoma wewe, hawamsomi yeye.

La ziada kwa walio karibu na bahari kama Kigamboni: posti kuhusu kutu. Upepo wa chumvi hula bawaba za bei rahisi, na mteja aliyewahi kuuona mlango ukining'inia kwa bawaba moja atakusikiliza.

---

TangazoTu

Nije kwenye laki moja. Mwezi wa kwanza usitumie hata shilingi. Rekebisha bio, jibu la bei, na kazi 9 za juu kwenye peji, maana tangazo linamleta mtu kwenye peji na peji ndiyo inamkimbiza. Bandika posti 3 juu kabisa: kazi nzuri kuliko zote, posti ya bei za kuanzia, na posti ya jinsi malipo yanavyokwenda.

Mwezi wa pili chukua ile rili iliyosambaa yenyewe kuliko nyingine, ilipie iwe tangazo linalofungua WhatsApp. Lengo chagua ujumbe. Usichague kupendwa wala kutembelewa, utapata hicho hicho ulichoomba na hakuna atakayeandika.

Eneo: usiweke Tanzania nzima. Weka duara la kilomita chache kwenye maeneo watu wanakojenga na wewe unafika bila nauli kula faida. Kwako ni Kigamboni, Chamazi, Mbande, Kongowe. Goba na Madale wanajenga sana lakini pima foleni kwanza. Umri 28 kwenda juu. Vitu vingine vyote vya kuchuja acha, eneo likiwa dogo halafu ukachuja tena, tangazo linakosa watu na bei inapanda.

Elfu 10 kwa siku, siku 7. Usiliguse siku 3 za mwanzo, kila ukibadilisha mfumo unaanza upya kujifunza. Hesabu unayoitazama ni hii, kwa mfano: 70,000 imeleta mazungumzo 35, kila moja 2,000. Kati ya hao 10 wametuma vipimo, 5 umekwenda kupima, 2 wamelipa. Kila oda imekugharimu 35,000. Kama faida ya jiko moja ni laki tatu, endelea. Kama 35 wameandika na wawili tu ndio wametuma vipimo, tangazo halina kosa, jibu lako la kwanza ndilo lina kosa.

Kama unatumia iPhone, lipia kupitia kivinjari na siyo ndani ya programu, huko ndani inaweza kuongezwa ada ya Apple ya asilimia 30. Kadi za mtandaoni za kwenye pesa za simu zinafanya kazi, ila acha salio kidogo zaidi ya bajeti. Malipo yakigoma tangazo linasimama usiku wa manane na wewe hujui.

Kununua wafuasi usijaribu. Posti mpya inaonyeshwa kwanza kwa sehemu ya wafuasi wako. Wakiwa ni akaunti hewa hakuna anayegusa, mfumo unahitimisha posti ni mbaya na hauipeleki kwa wengine. Umelipa ili ufichwe.

---

MbishiKkoo

Hapo kwenye wafuasi hewa sina ubishi, kwa mara ya kwanza.

Niongeze la usalama. Mafundi wengi peji zao zilifunguliwa na mpwa kwa namba ya mpwa. Mpwa akibadilisha laini, peji imekwenda. Weka barua pepe ya biashara, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, kule WhatsApp weka PIN ya tarakimu 6. Ukipata ujumbe inboksi kwamba "peji yako imekiuka hakimiliki, bonyeza hapa", huo ni wizi. Ujumbe halisi unauhakiki kwenye mipangilio, sehemu ya barua pepe kutoka Instagram.

Na ruhusa ya kupiga picha nyumba ya mtu iwe mstari mmoja kwenye karatasi ya makubaliano, mteja atie sahihi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Hata bila sheria, usionyeshe geti, namba ya gari wala picha za familia ukutani. "Kigamboni" inatosha, mtaa wa nini?

---

Fundi_RangiTatu

Wakuu nimeshika kazi. Picha 63 nimefuta, WhatsApp nimehamia, "/bei" ipo. Bio nimeandika hivi, kila kimoja na mstari wake:

Makabati ya jiko na nguo, MDF na mninga
Kupima bure: Mbagala, Kigamboni, Temeke
Siku 14 baada ya kupima
Karakana: Mbagala Rangi Tatu
WhatsApp hapa chini

Inakataa kuhifadhi. Na kiungo cha WhatsApp nikikibonyeza kinasema namba haipo. Nimeandika wa.me/07 halafu namba yangu.

---

BiMauzo

Imefika herufi 152 ukihesabu na mistari, mwisho ni 150. Mstari wa mwisho acha "WhatsApp chini".

Ila kuna kubwa kuliko hiyo. "Siku 14 baada ya kupima" itakuumiza. Mtu utampima leo, atalipa baada ya mwezi, na atakuja kukuhesabia tangu siku ya futi. Andika "Siku 14 baada ya kianzio". Nimehesabu, zinakuwa 148, inaingia.

Kiungo: toa 0, anza na 255, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. wa.me/2557 halafu tarakimu zinazofuata. Ukitaka mteja aanze na maneno tayari, ongeza mwishoni ?text=Nahitaji%20makabati, hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno. Ukimaliza kijaribu kwa simu ya mtu mwingine, siyo yako.